Jinsi Madamu Mbuyi Alivyobaki Baraka

Mkurugenzi wetu wa kwanza tulimpokea kwa ngoma, mbuzi na bango, akatukimbia kabla mahindi hayajakomaa. Kwenye bango tulikosea herufi moja ya jina lake, lakini alikuwa mtu wa adabu, akapiga picha chini yake hivyo hivyo huku anacheka. Siku ile wote tulisema, huyu amefika nyumbani. Wapi! Kesho yake ngoma zilirudishwa kanisani, mbuzi alikuwa ameshaliwa, na yule bwana akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa asijue hata chumvi inauzwa wapi. Hakuna aliyemtembelea. Kila mmoja alidhani wakubwa wanatembelewa na wakubwa wenzao, na hapa Baraka, mji wetu mdogo wa ziwani, wakubwa wenzake walikuwa nani?

Kwa hiyo ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kupokea watu maofisini, mliosomea mambo ya wafanyakazi na kuvaa viatu vyenye ncha, kaeni kidogo na mimi. Naitwa Mama Wabiwa. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkuu wa wafanyakazi wa kampuni moja ndogo ya dawa hapa Baraka. Watu waliiita Depo tu. Tulikuwa na ghala, maabara ya kupima ubora wa dawa, na frigo kubwa za kutunza vitu vinavyotaka baridi. Kutoka Depo dawa zilikwenda kwenye vituo vya afya vya ufukweni, zikapanda mpaka Fizi milimani, na nyingine zikaenda kwenye zahanati za ndugu zetu wakimbizi wa Burundi. Wenye kampuni walikaa Bukavu. Wao waliajiri wakurugenzi, wafamasia wenye diploma ndefu kutoka Kinshasa na Lubumbashi. Mi kazi yangu ilikuwa kuwapokea na kuhakikisha hawakimbii.

Walikimbia. Wa pili tulimpa nyumba iliyo karibu kabisa na ziwa, tukiona tumemheshimu. Hatukumwuliza. Kumbe mtu wa watu alikulia Kasai, maji mengi kwake ni kisima, na kila wimbi likipiga yeye alidhani linakuja kumchukua. Alilala na viatu. Alipoondoka alinishukuru kwa kila kitu, akaniambia nyumba ilikuwa nzuri sana, na macho yake mekundu kama pilipili.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Alimasi, aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu. Yeye alikuwa hatumii maneno mengi. Siku niliyomlalamikia kwamba wakurugenzi wanaogopa kazi, alitikisa kichwa. "Mama Wabiwa, hakuna mwenye anakimbia kazi. Kazi iko sawa mahali pote. Banakimbia saa ile ofisi inafungwa." Akaniacha nifikirie mwenyewe. Nilifikiria na nikaona ni kweli. Mchana mkurugenzi ana watu wa kumwita shefu kila dakika. Jioni hana wa kumwita jina lake.

Basi alipoajiriwa wa tatu, niliomba Bukavu waniache nimpigie simu kabla hajapanda ndege. Hawakutaka. Bwana Mkubwa wa kampuni, tuliyemwita hivyo hata mbele yake, alisema nitamtisha. Nilimpigia hata hivyo. Alikuwa mwanamke, mfamasia, Madamu Mbuyi, mtoto wa Kinshasa, anayejua Kifaransa na Lingala, na Kiswahili alikuwa nacho kidogo kama chumvi ya mgonjwa. Nikamwambia yote kwa Kifaransa changu cha shule. Umeme ni jenereta, na jenereta ina tabia zake. Barabara ya Uvira mvua ikinyesha inageuka shamba la mpunga. Na zaidi ya hayo, nikasema, hapa kuna mtu anaitwa Papa Etando, ameiongoza Depo kila mara wakurugenzi walipoondoka, anakitaka kiti unachokuja kukikalia, na amenuna.

Nikasikia mtu anacheka. "Na samaki je, mama? Samaki wapo?"

"Wapo mpaka utachoka."

"Basi nakuja."

Kumbukeni hilo, wanangu. Ukimficha mtu matope, atayakuta mwenyewe, na siku hiyo atakuchukia wewe pamoja na matope. Ukimwambia mapema, akifika anayatafuta kama mtu anayetafuta nyumba ya jirani: ah, kumbe ndiyo haya.

Hatukupiga ngoma. Nilimpokea nikiwa na bamama wawili wa jirani, tukala ugali na samaki wa mikeke, tukamwonyesha duka la chumvi. Nyumba tulimtafutia katikati ya watu, ambako kila asubuhi lazima usalimiwe hata kama hutaki. Jumapili akaja nami kanisani. Wageni husimama na kujitambulisha, na yeye hakutaka kutafsiriwa. Akasimama wima, kitenge kipya, akasema kwa sauti ya darasani:

"Mimi ni Mbuyi. Natoka Kinshasa. Bado sijalewa."

Alitaka kusema bado hajaolewa. Mzee mmoja wa nyuma akajibu, "Bwana asifiwe!" Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza wimbo. Nilimtazama, nikaogopa. Mtu mwingine angerudi nyumbani na kufunga mlango. Yeye alinigeukia, akauliza amesema nini, nikamwambia sikioni, na akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwogopa mji mzima. Akipita sokoni, wauza ndagala, dagaa wa ziwani, walimwita, "Madamu, leo je?" Naye anajibu, "Bado!"

Lakini mji kumpenda si sawa na ofisi kumpokea. Papa Etando alimsalimia vizuri, akamwonyesha funguo, akamwonyesha frigo, kisha akafunga mdomo. Ukimwuliza jambo anajibu hilo tu ulilouliza. Wakurugenzi wawili waliopita walikwama hapo hapo. Mtu anaweza kuzama kwa mambo ambayo hakuambiwa.

Nikamwita Papa Etando kwangu. Hakuzunguka.

"Mama Wabiwa, mi niliifanya hii kazi miaka yote. Wao banaenda, mi nabaki. Sasa banakuja kuniwekea mutoto wa Kinshasa juu ya kichwa. Unataka nimufundishe akuwe shefu wangu?"

"Sitaki umufundishe," nikasema. "Nataka umupeleke. Vituo vyote. Wewe na yeye, gari moja."

"Na kama sitaki?"

"Basi utakaa ofisini na mi, kila siku, nikikuhesabia maneno."

Akacheka bila kupenda. Alijua nasema kweli, nina mdomo.

Wengi wenu mtafanya kinyume. Mtamtenga yule aliyekikosa kiti, mtamhamisha, mtamwambia mgeni ajihadhari naye. Mi niliwaweka katika kiti kimoja cha gari. Barabara ya kupanda Fizi haimpi mtu nafasi ya kununa. Gari likizama, shefu na asiye shefu wote wanashuka kusukuma, na tope halina adabu ya cheo. Walirudi safari ya kwanza wamenyamaza. Safari ya pili walirudi wanabishana, Madamu kwa Kifaransa na Papa Etando kwa Kiswahili, juu ya joto la dawa za kifafa. Safari ya tatu Papa Etando aliingia ofisini kwangu anafuta suruali, akasema, "Yule mwanamuke iko anauliza kabisa." Kwake hilo lilikuwa sifa.

Ndipo lilipokuja jambo lenyewe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Lori letu kutoka Uvira lilizama kwenye kivuko cha mto na kukaa huko siku kadhaa. Ndani yake kulikuwa na masanduku ya baridi yenye sindano za kuzuia damu kwa mama akishazaa. Sindano hizi zinataka baridi. Zikipata joto nguvu inapungua, na kwa macho huwezi kujua. Zinabaki maji maangavu vile vile. Vituo vilikuwa vimeishiwa. Muuguzi wa uzazi kule Fizi alikuwa anapiga simu kila siku, mara ya mwisho alikuwa karibu kulia.

Lori lilipofika, watu wote wa Depo tulitoka uani kwa furaha. Madamu Mbuyi akafungua sanduku la kwanza, akaingiza mkono, na uso wake ukabadilika. "Hii si baridi," akasema. "Hii ni maji ya kuoga." Akafungua la pili na la tatu. Kipima joto kilisema hivyo hivyo. Akafunga vifuniko taratibu.

"Hakuna hata moja itatoka hapa."

Papa Etando akasogea. "Madamu, Fizi hawana hata moja. Bamama banazaa leo."

"Najua, Papa Etando. Muuguzi atachoma sindano, atangoja damu isimame. Haitasimama. Atadhani ni yeye amekosea. Na mama amekwenda."

Kuku walipita chini ya lori. Papa Etando akabeba masanduku mwenyewe, akayaweka pembeni kwenye frigo moja, akafunga.

Kabla ya mchana kuisha Bwana Mkubwa alipiga kutoka Bukavu. Nilikuwa mle ofisini. Madamu aliweka simu mezani na sauti ikatoka: hasara hiyo nani ataibeba, dawa zimepata joto kidogo tu, wakurugenzi waliopita hawakuwa na fujo kama hizi, na yeye Madamu akumbuke kwamba bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Afungue frigo. Madamu alijibu kwa Kifaransa cha upole kabisa, kile cha mtu aliyekasirika mpaka mwisho, kwamba saini yake haitakwenda chini ya dawa ile. Simu ikakatwa upande wa pili.

Asubuhi nilimkuta kwenye baraza ya ofisi, amekaa juu ya begi lake kubwa.

"Mama Wabiwa, sitaki kugombana. Naenda."

Mnangoja nieleze nilivyombembeleza. Sikumbembeleza. Mtu aliyekaa juu ya begi lake ukimwambia baki, atakujibu maneno aliyoyapanga usiku kucha. Nilimwuliza kama amekunywa chai. Hakuwa amekunywa. Nikaenda kupika, na sukari ikanimwagika, kwa sababu kutoka jikoni nilimwona Papa Etando ukutani, simu sikioni, anaitikia. "Ndiyo, Bwana Mkubwa. Nimesikia, Bwana Mkubwa." Funguo za frigo zilikuwa kwenye mfuko wake. Nikajua kabisa anaambiwa nini. Kiti kilikuwa kinamjia chenyewe, bila yeye kunyoosha hata mkono.

Nilirudi na chai. Papa Etando akaja nyuma yangu, akasimama mbele ya Madamu. Hakukaa.

"Bukavu banasema ukiondoka, mi nifungue frigo. Banasema halafu watanipa kiti."

Madamu akanyanyua macho. "Na wewe unasema nini?"

"Mi kile kiti nilikitaka sana, siwezi kukudanganya. Mama Wabiwa anajua." Akatoa funguo, akaziweka juu ya meza karibu na kikombe. "Lakini tulifika wote kwa yule muuguzi wa Fizi. Mi na we. Alitupatia viazi. Sasa nikimupelekea maji ya kuoga, nitapita wapi tena kwake? Kama unaenda, nenda. Mi frigo sifungui."

Madamu alikunywa chai yote, akakiweka kikombe chini.

"Uvira wenzetu wa ghala lingine wana sindano nzuri," akasema. "Wanaweza kutuazima. Lakini lazima mfamasia asaini mwenyewe pale."

"Barabara imekufa," nikasema.

"Ziwa halijakufa," akasema Papa Etando. Alikuwa na shemeji mwenye boti la mota.

Basi wakaenda ufukweni, na masanduku matupu, na begi la Madamu. Begi, wanangu! Alilipandisha botini, akalikalia. Nilisimama mchangani nikaanza kufikiri vibaya. Mkurugenzi wangu wa tatu anakimbia, na usafiri tumemtafutia wenyewe. Akifika Uvira ni hatua tu kupata gari la Bukavu, na ndege, na Kinshasa. Nilitaka kumwomba aache begi kwangu. Mdomo nilikuwa nao, ila sikuutumia. Mtu ukishika begi lake umemshika yeye, na aliyeshikwa atachomoka tu. Nikampa koti langu la mvua na mikate. Boti likaondoka.

Nilirudi ofisini, na kwa mara ya kwanza maishani nikampigia Bwana Mkubwa bila kuitwa.

"Amekwenda?" akauliza.

"Amekwenda Uvira kutafuta dawa nzuri."

"Nani kamruhusu?"

"Bwana Mkubwa, mlitafuta mfamasia miezi mingapi? Mlimtaka ajue dawa mbaya na dawa nzuri. Amejua. Sasa mkimfukuza kwa hilo, wa nne nitamwambia nini kwenye simu? Mimi huwa nawaambia ukweli." Akataka kusema, nikaendelea. "Na kiti mlichompa Papa Etando amekirudisha. Kiko hapa hapa, hakina mtu. Mtakuja kukaa wenyewe?"

Akasema tutaongea. Sikulala vizuri, sitaficha.

Siku ya pili alasiri watoto walianza kupiga kelele ufukweni kwamba boti la Depo linakuja. Tulikimbia wote, mpaka mlinzi aliacha geti. Boti lilikuwa bado mbali, na mi nilikuwa naona tu rangi, nyekundu, njano, kijani, kama duka la vitenge linaelea majini. Sikuelewa. Lilipokaribia nikamwona Papa Etando amesimama mbele. Nikamtafuta Madamu, simwoni.

Kumbe alikuwa amelala chini kabisa ya boti, ziwa limemshinda, uso wa kijivu, mkono mmoja juu ya sanduku la baridi. Jua lilikuwa limewaka njia nzima. Aliogopa masanduku yatapata moto tena, akafungua begi lake, akatoa nguo zote, vitenge, gauni za Kinshasa, mashuka, akazilowanisha ziwani na kuyafunika masanduku, na zikikauka anazilowanisha tena. Hivyo kutoka Uvira mpaka kwetu, huku anatapika.

Papa Etando akaruka majini. "Mama Wabiwa, mi tangu nianze hii kazi sijaona sindano zimevaa vizuri hivi."

Madamu akajivuta kukaa. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili, pole pole, akichagua kila neno: "Sasa… nimelewa." Na watu wote wa ufukweni wakaangua kicheko.

Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, barafu ilikuwa bado inagongana. Gari lilipanda Fizi siku hiyo hiyo, Papa Etando kwenye usukani. Baadaye muuguzi alituma ujumbe mfupi kwenye simu yangu: zimefika, na jana moja imefanya kazi. Nilimpa Madamu asome. Aliusoma akiwa anapiga pasi gauni lililoingia rangi ya kitenge, akarudia kuusoma, akanirudishia simu.

Bwana Mkubwa hakuomba msamaha. Wakubwa wachache huomba, msiwangojee. Alituma watu wakaziteketeza zile sindano mbaya, akalilipia boti, na miezi ya majaribio ikaisha bila kutajwa tena. Papa Etando tulimwombea cheo cha msaidizi wa mkurugenzi, akakipata. Kununa aliendelea kununa, lakini sasa alinuna kwa sauti, kwenye mikutano, na hiyo ndiyo faida ya ofisi.

Mwaka uliofuata Bwana Mkubwa alikuja mwenyewe Baraka. Alikuwa amesikia kampuni nyingine inamwita Madamu aende Goma, na alikuja na mkataba mpya, mzuri kuliko wa kwanza, akiwa tayari kwa mabishano marefu. Tulikaa sisi wanne ofisini. Madamu aliusoma mkataba wote, akasaini, akamrudishia kalamu yake.

Bwana Mkubwa alishangaa. Alikuwa amejiandaa kuongeza. "Na Goma je, Madamu? Wakikupigia tena?"

"Walipiga jana," akasema. Kiswahili chake sasa kilikuwa kimejaa, ila cha Baraka kabisa. "Niliwaambia siwezi kutoka. Niko na shamba ya muhogo kule juu, njia ya Fizi. Bado haiyaiva."

Mkubwa akanigeukia mimi, kama anataka nitafsiri.

"Na ikishaiva?" akamwuliza.

Papa Etando ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Ikiiva atavuna, atapanda ingine. Mbegu ni mi namupatiaka."